Darasa la Ng'ambo ya Korongo

Dodoma,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye namwamkia, shikamoo Mayo, popote ulipoketi muda huu. Nadhani ni pale barazani, mguu umeunyoosha juu ya kigoda. Uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa mkono wa mjomba Kapela anaitumia kweli, au ameiweka kabatini akingoja ugonjwa unaostahili dawa ya dukani? Mwambie nimeuliza. Na wewe, Baba, kifua chako vipi? Mvua za huko zimeshika, au zinawadanganya kama msimu uliopita, mkapanda mbegu ikaozea ardhini? Hapa Dodoma mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu umepata barua badala ya simu.

Najua utashangaa. Juzi tu tumeongea. Nilikuuliza habari za mahindi, nikakuuliza habari za yule ng'ombe mwekundu aliyezaa, ukanijibu vizuri, kisha ukasema, "Matofali tumeshayachoma, mwanangu. Tanuri limekubali, yametoka mekundu kama damu ya mninga. Mwambie mkubwa wako kwamba Lusu sisi tuko tayari." Nikakujibu, "Sawa, Baba." Nikakuaga haraka, nikasingizia kwamba chaji inaisha. Chaji ilikuwepo. Maneno ndiyo hayakuwepo.

Mjomba Kapela anapanda basi kesho kutwa kurudi Nzega. Nimemwomba barua hii akukabidhi wewe mkononi, asimwachie mtu pale kituoni. Nakuomba sana uisome mwenyewe kwanza. Vaa miwani yako, hata kama kioo kimoja kina ufa. Usimpe dada Nyanzala akusomee, maana habari iliyomo inamgusa yeye na mwanawe Kabula kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani.

Naomba uniruhusu nianzie mbali kidogo. Sitaki uisikie kama watakavyoisema kijiweni.

Wakati wa sensa, kama unakumbuka, nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilikuona ukitembea na yule dada karani kaya kwa kaya, wewe mwenyekiti wa kitongoji, viatu vya mpira miguuni, jua la kuchoma kisogo. Kila mlango uliwaambia watu maneno yale yale: "Tukihesabiwa vizuri watajua tuna watoto wangapi wadogo. Wakijua, darasa litakuja hapa hapa, watoto hawatatembea kandokando ya lami." Wengine walikuwa wanaogopa, wakadhani ni mambo ya kodi. Bibi Ngolo alikataa kabisa. Nilikuwepo alipomwambia yule karani, "Wanaohesabiwa ni ng'ombe. Mtoto anatajwa jina." Hukumgombeza. Ulivuta gogo ukakaa naye, ukamwuliza habari za wajukuu zake mmoja mmoja, yeye akataja, karani akaandika. Tulipoondoka pale, kaya nzima ilikuwa imehesabiwa na bibi alikuwa anacheka.

Nayakumbusha haya ujue kwamba najua. Watu wa kwetu walijitokeza kwa sababu wewe ulisema. Neno lilikuwa lako.

Sasa kazi yangu mnaijua kwa jina tu. Mama huwaambia watu wa jumuiya kwamba mwanawe "anafanya mambo ya takwimu", na akiulizwa ni nini hasa anasema ni kompyuta. Nieleze kidogo. Yale waliyoyaleta makarani, sisi tunayachambua. Kazi ya kitengo chetu ni watoto wadogo: wako wapi ambao bado hawajafika umri wa shule, ni wangapi watafikia umri wa darasa la awali mwaka kesho na miaka inayofuata, na shule iko umbali gani kutoka wanakoishi. Kutokana na hayo tunapendekeza shule shikizi ziwekwe wapi, yaani hizi shule ndogo zinazoanzishwa karibu na makazi, ili mtoto wa miaka mitano asitembee mwendo wa mtu mzima kuifuata shule mama. Ni kazi nzuri, Baba. Naipenda. Lakini wenzangu wakifungua ukurasa wa Nzega wanaona namba, na mimi naona mlango wa Bibi Ngolo.

Kitongoji chetu cha Lusu kilitoka juu katika mapendekezo. Mlihesabiwa vizuri, watoto wenu walionekana, na ni wengi. Siku ile ile nilimfuata mkuu wetu wa kitengo, Bwana Ndahani, mtu mzima, mwenyeji wa hapa hapa Ugogo, nikamwambia, "Hiki ni kitongoji cha kwetu. Mwenyekiti wake ni baba yangu mzazi." Akaniangalia juu ya miwani. "Umefanya vizuri kusema. Lakini kimepandishwa na watoto wake, hukukipandisha wewe. Endelea na kazi." Basi nikaendelea, na habari za mapendekezo zikawafikia kupitia kata, nanyi mkaanza kufinyanga udongo.

Kilichonitoa kwenye utulivu ni kitongoji kingine. Kiko Uyui, nje ya Kigwa, mbali kidogo na reli. Jina lake naliacha, barua hupita mikono mingi. Wana watoto wadogo, ila ni wachache kuliko wetu, kwa hiyo walikuwa chini ya mstari. Lakini sensa iliuliza pia kama mtu anasoma, ameacha, au hajawahi kusoma. Pale kwetu watoto wa miaka saba, minane, wako shule karibu wote. Wanachelewa, wanarundikana, lakini wako. Kule, jibu lililokuwa likijirudia kwa watoto wa umri huo ni moja: hajawahi kusoma. Na ukitazama kwenye ramani, shule iko karibu nao kuliko yetu ilivyo karibu nasi.

Ofisini mmoja wetu alisema, "Hao si wafugaji? Hawapendi shule." Bwana Ndahani hakupenda. "Hatuandiki 'hawapendi' kama hatujawauliza. Kalunde, wewe lugha ya huko unaijua. Nenda na Rehema mkaulize."

Basi tukapanda treni, mimi na Rehema, mwenzangu wa meza ya jirani, mtoto wa Tanga asiyewahi kufika Unyamwezi. Tukashuka Kigwa asubuhi. Nisamehe, Baba, kwamba nilifika mkoani kwetu nisifike nyumbani. Tulipewa muda wa kazi tu. Nilimwonyesha Rehema ile njia ya zamani ya misafara, ya kwenda pwani, uliyotusimulia tukiwa wadogo, jinsi babu yako alivyoipita na mzigo begani akiwa mpagazi. Yeye akauliza, "Kwa miguu? Mpaka baharini?" Nikamjibu kwa kujigamba kama vile niliubeba mimi.

Kati ya shule na kile kitongoji kuna korongo, na pembezoni mwake majaruba ya mpunga. Asubuhi ile lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Tulivua viatu tukavuka huku tunacheka. Mimi moyoni nikajisemea, ndiyo hili tu?

Upande wa pili tulipokelewa na mama mmoja, Mama Shija. Alitutolea vigoda, akatupa maji na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na nilipomwamkia kwa Kinyamwezi akanikumbatia kama mtoto wa dada yake. Ana watoto wawili walio shule. Holo, msichana wa miaka kama kumi na mmoja hivi, yuko darasa la pili. Mdogo wake, Shija, ndiyo kwanza ameingia awali mwaka huu.

Nikamwuliza, "Mama, Holo mbona alichelewa kuanza?"

"Hakuchelewa," akasema. "Nilimngoja arefuke."

Sikumwelewa. Akainuka, akaweka kiganja kifuani mwake. "Wakati wa masika maji yanafika hapa kwangu. Mtoto mfupi utampelekaje? Huku hatuangalii mwaka aliozaliwa. Tunaangalia kimo. Akiwa mrefu, anaanza."

Rehema aliacha kuandika. Mimi pia. Tulikwenda nyumba nyingine, na nyingine, na kila mahali ni vile vile. Hawaichukii shule. Wanangoja watoto warefuke.

"Na Shija?" nilimwuliza tuliporudi kwake mchana. "Yeye si mrefu."

"Redioni mmekuwa mkisema kila siku, mtoto aanze mapema, akichelewa akili inalala. Nikaona mwaka huu nisingoje. Dada yake atambeba."

Mvua haikunyesha pale tulipokuwa, Baba. Ilinyesha juu, kwenye misitu. Tuliona weusi tu kule mbali na kusikia radi kama mtu anayeburuta meza. Mama Shija alikuwa anapepeta mchele. Aliposikia, aliweka ungo chini, akaanza kutembea kuelekea korongoni. Kisha akakimbia. Wanawake wengine nao walitoka majumbani. Tukawafuata.

Lile korongo tulilolivuka tukicheka sikulitambua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi. Ng'ambo, upande wa shule, watoto walikuwa wamefika ukingoni na mabegi yao ya mifuko ya salfeti. Kina mama wakawa wanapiga kelele, "Rudini! Rudini kwa mwalimu!" lakini maji yana sauti kubwa kuliko mtu. Watoto wakubwa walisimama. Holo alituona. Nafikiri aliona mikono ya mama yake inapungwa, akadhani anaitwa. Alimweka Shija mgongoni, akaingia.

Alikwenda vizuri hatua za mwanzo. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani. Halafu sijui alikanyaga nini. Aliyumba, akainuka, na alipoinuka mgongo wake ulikuwa mtupu.

Sitaweza kukuandikia sauti aliyoitoa Mama Shija. Alijirusha, tukamshika, mimi kiunoni na Rehema mkononi. Aliniuma. Alama za meno yake bado zipo hapa chini ya kidole gumba, nazitazama ninapoandika. Sikumwachia. Kama ningemwachia, wangekuwa wawili.

Mungu ni mwema, kulikuwa na mzee mmoja chini kidogo, upande ule ule wa shule, anazibua tuta la jaruba lake. Aliona kile kitu cheupe kinakuja, shati la shule. Akaingia mpaka kifuani, akalikamata shati. Alimtoa Shija akamlaza kifudifudi kwenye tuta, akawa anamsugua mgongo. Holo alikuwa ameshikilia mizizi, watoto wenzake wakamvuta. Na sisi tuko upande huu, tunatazama, hatujui kama yule mtoto kwenye tuta ni mzima au ni maiti. Muda ule, Baba, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha tukaona mguu unapiga.

Maji hayakupungua upesi. Yule mama alikaa ukingoni mpaka jua linaelekea kuzama, mtoto wake akiwa pale mbele ya macho yake, amefunikwa kanga ya mwalimu wa awali, Mwalimu Tausi, aliyekuja mbio kutoka shuleni. Kila baada ya muda Mama Shija alisimama akaita, "Shija!" na ng'ambo mkono mdogo ukainuliwa. Akakaa. Akasimama tena, "Shija!" Mkono ukainuliwa. Mpaka maji yalipomfikia kiunoni, akavuka, hakuna aliyeweza kumzuia.

Aliporudi na mtoto begani alipita mbele yangu. Hakunigombeza. Aliniambia taratibu tu, kama mtu anayeuliza njia, "Nisingewasikiliza ningemngoja arefuke, sivyo?"

Nikamfuata mpaka mlangoni kwake.

Tulirudi Dodoma. Tuliandika tulichokiona. Niliomba kwamba katika kupanga, tusiangalie tu wingi wa watoto wadogo na umbali kwenye ramani, tuangalie pia wale wakubwa ambao hawajawahi kusoma, kwa sababu hao ndio wanaotuonyesha njia imekatika wapi, na tuangalie maji. Bwana Ndahani alisoma, akaitisha kikao.

Hapa ndipo penye habari yenyewe, Baba. Kwa awamu hii, upande wetu wa magharibi lilikuwa limebaki darasa moja. Moja tu. Na lilikuwa letu.

Niliomba yawe mawili. Nilisema, nikarudia, mpaka mwenzangu mmoja akasema, "Kalunde, kila mkoa una mtu anayeomba mawili." Nikaeleza habari ya Mama Shija na kimo cha watoto. Nikaeleza ya Shija. Kisha Bwana Ndahani akasema, "Tukiingiza maji kwenye mpango, hiki cha Kigwa kinapanda na kuna kingine kinashuka. Wote mnajua ni kipi?"

Baadhi walikuwa hawajui. Rehema alikuwa anajua, akainamisha kichwa.

"Najua," nikasema. "Ni cha kwetu."

Bwana Ndahani akavua miwani. "Basi umeshasema uliyoyaona. Sasa toka nje. Si vizuri uwemo tunapoamua habari ya kwenu, kwa heri wala kwa shari."

Nilitoka. Nikasimama koridoni karibu na dirisha. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu, hata Rehema. Mimi niliyetumia asubuhi nzima kuwashawishi, pale koridoni niliomba wakatae. Nilimwona Kabula na kile kisanduku chake cha kalamu alichonunuliwa na Nyanzala kabla hata darasa halijajengwa. Nilikuona wewe kwenye tanuri, unawaelekeza vijana wapange kuni vipi. Nikaomba, Mungu wangu, waseme nimekosea, waseme kila mahali kuna korongo, wanirudishie darasa la baba yangu.

Mlango ulifunguka, Rehema akatoka. Alinishika bega. "Limekwenda Kigwa," akasema.

Ndiyo habari, Baba. Imeshapitishwa na imeshasainiwa. Mtapata taarifa rasmi kupitia kata, lakini nilitaka uisikie kwangu kwanza. Bwana Ndahani anasema Lusu ndiyo ya kwanza kwa awamu ijayo. Nilimwuliza awamu ijayo ni lini. Akasema hajui, na mimi siwezi kukuandikia tarehe ambayo yeye mwenyewe hana.

Tangu siku hiyo sina raha. Nakula kwa sababu Rehema ananiletea chakula mezani. Naogopa mambo mengi, na mengine ni ya kijinga. Naogopa watu watasema mtoto wa mwenyekiti amekula huko Dodoma akawauza wenzake. Naogopa watakuambia, "Ulitudanganya," wewe ambaye hukumdanganya mtu. Naogopa sensa nyingine ikija, ukipita milangoni na karani, watu watafunga, watoto watafichwa uvunguni, na hapo ndipo tutakuwa tumepotea kabisa, maana mtoto asiyeonekana hata mimi siwezi kumtetea.

Lakini hofu kubwa ni moja. Kwetu hakuna korongo, kuna lami. Kabula atatembea kandokando ya ile barabara ya malori yanayokwenda Rwanda, na darasa analokwenda limejaa mpaka watoto wanakaa mlangoni. Sijaandika popote kwamba kwetu hakuna shida. Nimeandika kwamba kule ni zaidi. Nilipima, Baba, nikasema kule ni zaidi. Hapa nyumbani kwangu ni karibu na barabara kuu, na kila lori likipiga honi nasimama. Kama siku moja nitapigiwa simu... Siwezi kuimaliza sentensi hii. Utaimalizia mwenyewe, na najua ndivyo utakavyonielewa au utakavyonikasirikia.

Mwalimu Tausi alinipigia wiki iliyopita. Shija amepona kikohozi cha maji, lakini hataki tena kusikia neno shule. Akiona shati jeupe anajificha nyuma ya mama yake. Holo naye anakwenda, ila hamtazami mtu usoni. Wananchi wa kule wameanza kusafisha kiwanja upande wao wa korongo. Mwalimu anasema Mama Shija huja kila siku na jembe, lakini haongei.

Sasa nakuomba mambo haya. Matofali msiyauze wala msiyagawane. Yafunikeni kwa nyasi nene kabla mvua haijakolea, mawe yakae juu. Kabula na wenzake wasiende peke yao. Wapangieni wakubwa wa kuwavusha lami, kina mama kwa zamu kama tulivyokuwa tukifanya zamu ya kisima. Na mkutano, kama unaweza, usiuitishe kabla sijafika. Nimeomba likizo na nimekubaliwa. Nitakuja mwisho wa mwezi. Nataka nisimame mwenyewe mbele ya watu, niwaeleze kama nilivyokueleza wewe, na yeyote mwenye kunizomea anizomee nikiwa nasikia. Usinitetee, Baba. Keti tu pale mbele, nikuone.

Lakini ukiona huwezi kungoja, ukaona ni lazima uwaambie mapema, waambie. Wewe ndiye mwenyekiti. Sema ni binti yako aliyelipeleka darasa ng'ambo. Usiseme hujui.

Na kama unadhani nilikosea, niambie pia. Niambie kwa mdomo wako. Nitakaa chini nisikilize. Ninachoogopa kuliko yote ni unyamaze, kama ulivyonyamaza mwaka ule kaka Maganga alipoacha shule akaenda machimboni, ukala chakula chako, nasi tukisikiliza kijiko chako tu, kisha ukaondoka.

Nisalimie Mama, mwambie mguu asiutembeze. Nisalimie kaka Maganga akitoka machimboni, mwambie avae kofia ngumu hata kama wenzake wanamcheka. Nisalimie Bibi Ngolo, jirani yetu na shangazi wa wote. Mwambie wajukuu zake wote nimewaona huku kwenye hesabu, salama. Msalimie mwalimu wa awali pale shule kubwa, mwambie namwonea huruma na msongamano ule, na katekista wetu, aniombee bila kuuliza sababu. Wote waliofinyanga matofali wape wabeja yangu, asante yangu kubwa, kila mtu kwa mkono wake.

Nyanzala usimpe salamu zangu. Za kwake nitazileta mwenyewe.

Ni mimi, binti yako,

Kalunde